Do ya Chini: Mpingo wa Same na Koncheto Iliyokatwa Miguu

Sisi wa Same tumekulia kati ya ukame na kwaya. Ukame, kwa sababu milima ya Upare huikamata mvua kule juu, Chome na Mbaga, ambako kilele cha Shengena kinafika mita 2,462, halafu sisi wa tambarare tunaachiwa upepo na vumbi. Kwaya, kwa sababu Walutheri wa Leipzig walijenga misheni Upare Kaskazini, Wasabato wakaanza kazi Giti, Upare Kusini, mwaka 1903, na tangu hapo ni vigumu kupata kijiji kisicho na mtu anayesoma do-re-mi kwenye karatasi.

Leo nataka kutumia vitu hivyo viwili, ukame na do-re-mi, kueleza habari ya koncheto ya klarineti ya Mozart. Najua ni safari ndefu kutoka stendi ya Same hadi Vienna ya mwaka 1791. Vumilia kidogo, msomaji. Njia ipo, na inapita ndani ya mti.

Mti wenyewe ni mpingo. Unaota kwenye ardhi kavu, kati ya migunga na miiba mingine. Kwa nje hauna sura ya kumvutia mtu: mfupi, matawi mengi, miiba, mara nyingi umepinda. Ukiukata, pembeni unaona mbao ya njano iliyopauka, na katikati ndiyo unakutana na moyo wake, mweusi wenye wekundu au uzambarau kidogo. Moyo huo ni mzito kiasi kwamba ukiutupa kwenye maji unazama. Unakua polepole mno. Mti wa kufaa kuvunwa unaweza kuwa na miaka 70, 80, hata zaidi ya 100. Kusini Wamakonde wameuchonga wakapata jina duniani. Kwetu watu waliutumia kwa mambo ya nyumbani: michi, mipini, fimbo za wazee. Na mkaa, bila shaka, kwa sababu moto wa mpingo ni mkali.

Mzee mmoja fundi seremala wa hapa mjini, ambaye sisi wote tunamwita Babu, nilimuuliza kama amewahi kufanya kazi na mpingo. Akacheka.

"Mjukuu wangu, mpingo haufanyiwi kazi. Mpingo ndo unakufanyia kazi wewe. Unakula msumeno, unakula patasi, jioni unakula na mgongo."

"Lakini ukishakubali, Babu?"

"Ukishakubali, haubadiliki. Hauvimbi, haupindi. Utakufa wewe, mpini utabaki."

Babu hajawahi kushika klarineti, ila kwa maneno hayo ameeleza kwa nini watengenezaji wa klarineti wa Ulaya waliupenda mti huu. Katika karne ya 19 ala hiyo ilizidi kuongezewa vibonyezo vya chuma. Klarineti ya siku za Mozart kwa kawaida ilikuwa na vibonyezo vitano tu. Mwaka 1839 Hyacinthe Klosé na fundi Louis-Auguste Buffet walionyesha Paris klarineti yenye mfumo mpya wa pete na vibonyezo, ambao umezaa klarineti nyingi za leo. Vyuma vyote hivyo lazima vishikiliwe na vinguzo vilivyokazwa ndani ya mbao. Mbao ikivimba au kupinda, kibonyezo hakifungi tundu, na tundu lisipofunga sauti inatoroka. Kwa hiyo walihitaji mti mgumu, usiobadilika, unaokubali kutobolewa kwa vipimo vidogo kabisa. Wakaupata Afrika. Leo klarineti nyingi nzuri za mbao duniani, pamoja na zumari za okestra na filimbi nyingi za mbao, ni mpingo, na sehemu kubwa ya mpingo huo hutoka Tanzania na Msumbiji. Ukiiona bendi yetu ya polisi ikipita na klarineti za mbao nyeusi, kuna uwezekano mkubwa kwamba unauona mti wa hapahapa uliokwenda Ulaya ukarudi na tiketi ya bei.

Sasa, tufike Vienna.

Koncheto ya klarineti ya Mozart, yenye namba K. 622, ni kazi ya miezi yake ya mwisho. Mwezi Oktoba 1791 alimwandikia mkewe Constanze, aliyekuwa safarini, kwamba amecheza biliadi peke yake, ameuza farasi wake, ameagiza kahawa na kuvuta kiko, kisha akapanga vyombo vya okestra kwa karibu sehemu yote ya mwisho ya kazi ya Stadler. Tarehe 5 Desemba mwaka huohuo akafariki, akiwa na miaka 35. Wengi wa kizazi changu tuliusikia muziki huu bila kujua jina lake: sehemu yake ya pili, ile ya taratibu, imo katika filamu ya Out of Africa ya mwaka 1985, iliyopigwa Kenya kutokana na maisha ya Karen Blixen.

Stadler ni nani? Anton Stadler alikuwa mpiga klarineti wa Vienna, rafiki wa Mozart, na mdeni wake pia: katika hesabu za mali baada ya kifo cha Mozart, Stadler anaonekana akidaiwa guldeni 500. Alikuwa na kipaji na alikuwa na wazimu mmoja mzuri: alipenda sauti za chini. Wenzake walishindana nani atapanda juu zaidi, yeye akataka kushuka. Pamoja na Theodor Lotz, fundi wa ala wa Vienna, akapata klarineti ndefu kuliko ya kawaida, ile ambayo leo huitwa klarineti ya baseti.

Hapa ndipo do-re-mi inaposaidia. Koncheto hii, kwa jinsi mpigaji anavyoisoma kwenye karatasi yake, imeandikwa katika ufunguo wa C, yaani C ndiyo do. Klarineti ya kawaida, ukiziba matundu yote, sauti yake ya mwisho chini ni mi. Inaishia hapo. Ile ya Stadler iliongeza nusu-sauti nne chini ya mi, ikapita re, ikafika do. Anayeimba besi ataelewa mara moja maana yake. Do ndiyo nyumbani kwa wimbo. Klarineti ya kawaida inashuka ngazi kuelekea nyumbani, halafu inasimama ngazi ya mi, inachungulia mlango. Ya Stadler iliingia ndani.

Mozart aliandika kwa ajili ya ala hiyo. Kabla ya hapo, mwaka 1789, alikuwa ameshamwandikia Stadler kwinteti ya klarineti na vinanda vinne vya nyuzi. Katika koncheto akazitumia sauti za chini kama mtu aliyepewa chumba kipya ndani ya nyumba yake: mstari unaanza juu kabisa, unaruka hadi shimoni, unajibizana wenyewe kana kwamba ni watu wawili, binti na mzee.

Kisha karatasi zikapotea. Hati ya mkono wa Mozart ya koncheto hii haijulikani iliko hadi leo. Mwaka 1800 Constanze alimweleza mchapishaji André katika barua kwamba Stadler alidai sanduku lake lenye kazi hizo liliibiwa Ujerumani, ila wengine walimwambia kwamba Stadler aliliweka rehani. Nikisoma habari hiyo huwa najiuliza ni kazi ngapi duniani zimepotelea kwenye rehani, na si Ulaya tu.

Koncheto ilipochapwa, mwanzoni mwa karne ya 19, wachapishaji walikabiliwa na jambo la kibiashara. Nani atanunua karatasi za ala ambayo karibu hakuna anayeimiliki? Wakaiandika upya kwa klarineti ya kawaida. Kila mahali muziki uliposhuka chini ya mi, waliupandisha oktava nzima au waliupinda. Matokeo yake ni kwamba mstari unashuka vizuri, ngazi baada ya ngazi, ukikaribia chini unaruka juu ghafla kama mtu aliyekanyaga moto.

Kila mwanakwaya ameona jambo hili. Kwaya inakosa besi, kwa sababu vijana wameenda Dar kutafuta maisha. Mwalimu anafanya busara: anaipandisha besi, wanaobaki wanaimba. Hakuna kosa hapo, wimbo lazima uimbwe Jumapili au Sabato. Shida inakuja miaka ishirini baadaye. Watoto waliokua wakisikia wimbo uliopandishwa ndio walimu sasa. Akija mzee na kuimba besi ya zamani, wanamwambia, kwa heshima, "Samahani mzee, hapo umekosea." Nakala iliyokatwa imeshakuwa wimbo wenyewe.

Ndivyo ilivyokuwa kwa koncheto ya Mozart, kwa muda wa karibu miaka 150. Wapigaji wakubwa waliipiga, wakaipenda, wakaifundisha, wengi bila kujua kwamba ina miguu iliyokatwa.

Kilichoiokoa kinapaswa kutufurahisha sisi tunaosoma na kuandika uhakiki. Mwaka 1802 gazeti la muziki la Leipzig, Allgemeine musikalische Zeitung, lilichapa uhakiki wa toleo la Breitkopf & Härtel. Mhakiki hakutaja jina lake. Alikuwa na nota za asili mbele yake, na akafanya kazi ambayo wahakiki wengi huwa wavivu kuifanya: akalinganisha. Akaeleza kwamba Mozart aliandika kwa klarineti inayofika do ya chini, akaonyesha kwa mifano mahali palipobadilishwa, na akasema kwamba ni vema kuwarahisishia wapigaji wa kawaida, ila ingefaa toleo la asili nalo lichapwe. Basi. Hakuna aliyemsikiliza. Gazeti likafungwa kabatini, na zile nota alizokuwa nazo hazijaonekana tena. Uhakiki ukabaki hai na kitabu kikafa.

Pamoja na uhakiki huo kuna kipande kimoja cha mkono wa Mozart mwenyewe, kilichoko Winterthur, Uswisi: baa 199 za rasimu ya sehemu ya kwanza, alizoanza kuziandika kwa ala nyingine ya familia hiyo, pembe ya baseti. Katika kipande hicho sauti za chini zipo. Katikati ya karne ya 20 watu wakaanza kuunganisha vipande. George Dazeley aliandika makala Uingereza mwaka 1948 akionyesha mahali ambapo mistari imevunjika na jinsi inavyoweza kuungwa. Mwaka 1951 koncheto ilipigwa jijini Prague kwa klarineti iliyorefushwa. Baadaye mafundi wakaanza kutengeneza nakala za ala za karne ya 18, na mwaka 1992 mtafiti Pamela Poulin akatangaza ugunduzi wake kutoka Riga, Latvia: karatasi za matangazo ya maonyesho ya Stadler ya mwaka 1794, moja ikiwa na picha ya ala yake. Ni bomba refu, mwishoni limepinda, na mdomo wake ni wa duara kama kibuyu. Mpaka hapo watu walikuwa wamekisia tu umbo hilo.

Habari hii inanikumbusha kazi ya mtu wa kwetu. Profesa Isaria Kimambo, Mpare na mmoja wa waasisi wa somo la historia pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichapisha mwaka 1969 historia ya kisiasa ya Wapare, kuanzia karibu mwaka 1500 hadi 1900. Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo hakuna karatasi. Kulikuwa na wazee wenye kumbukumbu za koo zao, Washana wahunzi wa Ugweno, Wasuya waliowapindua, misitu ya mishitu ambamo vijana walifundwa. Kimambo alikwenda mlima kwa mlima akiuliza, akilinganisha ukoo huu na ule, akitafuta mahali ambapo masimulizi yanavunjika na kuruka ghafla. Mahali hapo mara nyingi pana kitu kilichoondolewa. Wapo waliokuwa wakisema kwamba Mwafrika hana historia kabla ya karatasi. Kimambo akajibu kwa kazi. Naona ni mbinu ileile: hati haipo, lakini wimbo wenyewe una kovu, na ukilishika kovu kwa mkono utajua kilichokatwa kilikuwa na urefu gani.

Sasa nirudi kwenye mti, maana kuna jambo linalowashangaza Watanzania wengi ninaowaambia. Klarineti ya Stadler haikuwa ya mpingo. Siku zile klarineti zilitengenezwa kwa kawaida kwa buksi, mti wa Ulaya wenye mbao ya njano kama asali, mwepesi kuliko mpingo. Wapigaji wa leo wanaotafuta sauti ya mwaka 1791 huagiza ala za buksi. Sauti yake ni laini, ina pumzi ndani yake, na kila noti ina tabia yake kwa sababu vibonyezo ni vichache na vidole vinalazimika kufanya ujanja.

Je, basi mpingo wetu hauna chake katika habari hii? Unacho. Wapigaji wengi wanaopiga toleo lililorudishiwa miguu kwenye kumbi kubwa, pamoja na okestra za kisasa, hutumia klarineti za baseti za kisasa, nazo mara nyingi ni mpingo. Na hapo kuna hesabu ya seremala. Kushuka kutoka mi hadi do kunataka bomba refu zaidi: ama kipande cha chini kiwe kirefu, ama kiongezwe kipande kingine. Mbao hiyo lazima iwe moyo mtupu, imenyooka, haina ufa wala fundo. Kwa mti unaopenda kupinda na kuoza ndani, kupata kipande hicho ni bahati. Magogo mengi yakifika mashineni sehemu kubwa yake hutupwa. Kwa hiyo do ya chini ya Mozart, ikipigwa leo, mara nyingi imesimama juu ya mti wa Afrika uliosubiri karibu karne nzima kwenye ukame.

Miti hiyo kwetu kaskazini imepungua mno. Uvunaji wa biashara umehamia zaidi kusini, Lindi, Mtwara na Ruvuma. Kule Kilwa vijiji vimepata haki ya kusimamia misitu yao, na mwaka 2009 misitu ya vijiji huko ilipata cheti cha FSC, ambacho kilikuwa cha kwanza kwa misitu ya asili ya jamii barani Afrika. Upande wa Kilimanjaro, marehemu Sebastian Chuwa alianzisha mwaka 1996, pamoja na Mmarekani James Harris, mradi wa kuotesha mpingo, akitumia watoto wa shule na vikundi vya kina mama. Alifariki mwaka 2014. Tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya jamii karibu yote ya mti huu inasimamiwa na mkataba wa CITES, ingawa mwaka 2019 ala za muziki zilizokamilika zililegezewa masharti. Mti wenyewe bado unahesabiwa.

Hapa kwetu nimewauliza vijana wawili watatu wa sekondari mpingo ni nini. Wanaujua jina, maana wanafundishwa kwamba ni mti wa taifa. Nikiwaomba wauchore kwa mikono hewani, wanachora kichaka cha kufika kiunoni. Ndicho walichokiona njiani: machipukizi yaliyoota tena kwenye visiki, yakaliwa na mbuzi, yakakatwa kabla hayajawa na moyo mweusi. Hawana kosa. Wamezaliwa katika nakala iliyopandishwa oktava. Babu akiwaambia kwamba aliwahi kuona shina la mpingo lililonyooka, refu kuliko mtu, wanamtazama kama kwaya ile inavyomtazama mzee wa besi.

Kwa Mozart palikuwa na mhakiki asiye na jina aliyeandika, mapema, kilichokuwa kimeondolewa. Kwa mpingo wa Same bado wapo wazee wanaoweza kusema ulikuwa wapi, unene gani, ulikatwa lini na kwa kazi gani. Ningependa walimu wetu wa historia na wa sayansi wawatume wanafunzi wakawaulize na kuyaandika majibu, jinsi Kimambo alivyofanya juu milimani. Na wanaootesha miche waache mingine kwenye tambarare, mbali na mbuzi, bila kuikusudia kwa matumizi ya maisha yao wenyewe.

Wewe msomaji, ukipata intaneti nzuri, sikiliza koncheto hii mara mbili: kwanza kwa klarineti ya kawaida, halafu kwa ya baseti. Usitafute mengi. Ngoja tu mstari unaoshuka. Mara ya kwanza utaruka juu. Mara ya pili utaendelea kushuka, mi, re, mpaka do, na kama umewahi kuimba besi utajua mahali pa kupumua.